Maneno ya Nyuma ya Jalada

Wameniambia niandike maneno ya nyuma ya jalada,
yasizidi kiganja, maana nafasi iliyobaki
imejaa majina ya waliotukopesha vitu.
Kiganja cha nani, hawakusema.
Changu ni kipana, kina kovu
la chuma cha kuchomelea nyaya.

Basi. Isevya, Tabora.
Nyimbo kumi na moja, bendi saba, magitaa manne.
Piga hesabu mwenyewe, historia yetu yote imo humo:
gitaa linalolia wimbo wa kwanza kwa Msabila
ndilo linalonguruma wimbo wa tatu kwa Kalunde,
bado lina joto la tumbo la mwenzake,
na uzi wake wa chini ni waya wa breki ya baiskeli.
Ukisikia mkwaruzo, usipeleke redio kwa fundi.
Fundi ni mimi.
Mkwaruzo tuliutaka.

Tulirekodi katika ghala la asali, msimu umekwisha,
madebe matupu yamesukumwa pembeni.
Kuta zile zimenyonya nta miaka thelathini:
sauti ikigonga hairudi,
inanata.
Nyuki wachache hawakupata taarifa ya kuhama.
Mmoja yumo wimbo wa tano, sikio la kushoto,
anaingia kabla ya kiitikio, wala hakukosea sauti.
Hatukumlipa.
Wengine pia hatukuwalipa.

Wimbo wa nne una treni ya Mpanda.
Ntinginya alisema ifutwe, nikakesha nayo,
lakini maikrofoni ilikuwa moja:
ukifuta treni, unamfuta na mpiga ngoma.
Tukampenda mpiga ngoma.

Kinanda ni cha kanisa la Wasabato,
kilitakiwa kirudi Ijumaa kabla ya jua kuzama,
ndiyo sababu wimbo wa sita unakimbia vile.
Watakuja wajuzi waseme ni hasira ya vijana.
Ni jua.

Jenereta ni la saluni ya mama yake Kalunde,
aliyekuja mara mbili kulidai, kichwa nusu kimesukwa,
akasimama mlangoni akimtazama bintiye
ametanua miguu kama mtu anayesukuma gari bovu.
"Na gitaa la umeme, mwanangu! Utaolewa na nguzo ya TANESCO?"
Hilo nalo limo.
Kalunde alikataa nilikate,
akasema ndiyo mstari bora wa wimbo.

Sasa wimbo wa nane.
Msidhani santuri imekwama, msiipulize, msiifute kwa kanga.
Vumbi la Reli walikuwa wawili, Kapela na Mihambo,
wimbo mmoja walioutunga darini kwa shangazi,
na ugomvi mmoja, juzi yake, juu ya jina la nani litangulie.
Siku ile alikuja Kapela peke yake.
Nilibonyeza kitufe, nikidhani anapasha vidole.
Dakika mbili na sekunde arobaini:
anakaza uzi, anaulegeza, anaukaza.
Anakohoa.
Anauliza, "Bado hajafika?"
Sauti yangu inajibu, "Bado."
Kigoda kinasogea.
Nyayo.

Basi la Kahama halimsubiri mtu,
na machimboni walihitaji mikono.
Gitaa aliliegemeza kwenye deni — samahani,
nilitaka kuandika debe,
ila acha libaki, maana deni lipo.

Wenzangu walitaka nafasi ile wapewe wengine,
kuna vijana wa Cheyo wana wimbo mzuri, kweli wanao.
Nikasema hapana. Sina sababu ya kuweka hapa.
Nimeusikiliza mara nyingi kuliko zote kumi,
na kila mara, kwenye "Bado", nataka kujibu vingine.

Kiganja kimejaa, nimefika kwenye kifundo cha mkono.
Atakayekutana na Kapela huko mashimoni
ampe nakala, asimdai hela,
amwambie asiishie kwenye wimbo wake, aache iendelee.
Ule mlango unaogongwa wimbo wa tisa ukianza,
kabla Msabila hajahesabu moja, mbili,
na mtu anahema kama aliyetoka mbio stesheni hadi hapa,

ni Mihambo.