Kifua Kwanza

Saa kumi na mbili asubuhi, Húsavík, Januari,
nyuzi tisa chini ya sifuri,
nashuka kwenye gari la kukwangua theluji
viganja vyangu vingali vinanguruma.
Usiku kucha nimeisukuma barabara.
Kusukuma ndiyo kazi ninayoijua.

Hapa kwetu huingii bwawani kabla ya kuoga uchi,
sabuni kwapani, sabuni nyayoni,
na Hallbera wa zamu anakukagua bila haya.
Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge:
mimi niliyavulia nguo miaka arobaini
nikayaoga kichwa nje,
kama bata anayeogopa kuharibu nywele.

Halafu mlango, halafu mbio za peku juu ya barafu,
halafu mvuke.
Ukuta wa pili hauonekani. Unaambiwa tu kwamba upo.

Mtindo huu kwa lugha yetu ni kuogelea kwa kuruka.
Wengine huuita kipepeo.
Mwezi wa kwanza sikuwa ndege wala mdudu,
nilikuwa kabati linaloteremshwa ngazi.
Niliyapiga maji, maji yakanipiga.
Nikinyanyua kichwa kutafuta hewa, miguu inazama;
nikiifuata miguu, nakunywa nusu ya bwawa.
Nilishika ukingo nikikohoa
na wale wanne wa kwenye beseni la moto
wakaiacha kidogo bei ya umeme
ili wanipimie:
"Mita saba leo."
"Sita. Ile ya mwisho alikuwa anazama."

Hamsini na miwili. Goti lenye skrubu mbili.
Mwanangu Ketill akaniambia kwa simu,
Mama, si uogelee chali tu?
Chali nitalala nikifa, nikamjibu.

Aliyenisaidia ana miaka kumi na minne
na waya menoni.
Salka, njia ya tatu, hugeuka ukutani kama samaki aliyesahau kitu.
Siku hiyo alisimama, akavua miwani.
"Unapigana nayo," akasema. "Yaegemee.
Kifua kwanza, kama unavyomwegemea farasi baridi ikizidi.
Kisha ngoja."
Ningoje? Katikati ya maji?
"Ngoja. Yatakurudisha yenyewe."
Akaenda zake. Hakuwa na muda.

Ngoja.
Neno hilo sikuwahi kulitumia kwa kitu chochote chenye baridi.

Jumanne nikaegemea.
Kifua kikazama kidogo, na mwili ukapokezana
kama habari katika mji mdogo:
shingo ikauambia mgongo,
mgongo ukainong'oneza nyonga,
nyonga ikashindwa kuficha,
miguu ikatangaza.
Mikono ikatoka majini bila kuniomba ruhusa,
mipana, ya chini, ikinyunyiza mvuke,
na pumzi, ile niliyokuwa naiiba kila asubuhi,
niliikuta imewekwa pale juu ya maji
kama chupa ya maziwa mlangoni.

Nani angeniambia kwamba kuna kupumzika humo?
Kati ya teke na teke, mikono imenyooka mbele,
uso chini, vigae vya buluu vinapita taratibu,
huna unalolifanya
na bado unakwenda.
Theluji ilikuwa ikinidondokea mgongoni. Niliisikia chembe moja moja.

Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.
Ya nne nikacheka,
na majini hakuchekwi.
Yaliingia puani hadi nyuma ya macho.

Mita kumi na moja.
Ukuta bado ni wa kuambiwa tu.
Salka hakuona, alikuwa kwenye mzunguko wake wa arobaini.
Kwenye beseni walibishana kama kicheko kinahesabiwa,
kisha wakarudi kwenye umeme.

Usiku, kwenye mteremko wa mlimani,
theluji ikinijia usoni kwa upana wa taa zote mbili,
nilijikuta nauegemea usukani,
kifua kwanza,
nikingoja.

Gari halikutikisika. Tani kumi na nane.
Nikacheka tena, safari hii mdomo wazi,
pakavu.