Kisanduku cha Nne

Fomu yetu ina visanduku kumi na viwili.
Cha nne kinauliza dini.
Cha mwisho kinauliza kama unajua hesabu.

Mimi ndiye ninayezitoa nakala, ghorofa ya tatu, Kurasini.
Mashine ikigoma naipiga kofi la ubavuni
inatema karatasi, ya moto, na kisanduku chake,
hakizidi stempu.

Jumatatu alikuja Mwanaidi Gervas Millanzi.
Meneja alilisoma jina, akarudi mwanzo, akalisoma tena
kama mtu anayeonja mchuzi na hajui kimepungua nini.

"Hapa umesahau kujaza."
"Sijasahau."

Basi mama wa utumishi akapitia mlango wa uani:
Kwenu hasa ni wapi? Umeolewa? Na nani?
Ijumaa mchana huwa una udhuru?
Jumapili je, kontena likishuka tukakuita?
Halafu, kwa tabasamu la kukopesha:
"Na pilau, nyumbani mnapika sikukuu ipi?"

"Wageni wakija."

Akavuta daftari la majaribio walilompa,
akaweka kidole. "Hapa mmezidisha laki nne.
Na kodi mmeikata mara mbili."

Mimi nilikuwa nimeshika birika.
Chai ilijaa kikombe, ikajaa kisahani,
hakuna aliyenigombeza.

Alipotoka, laki nne hawakuitaja.
Walitaja jina.
"Mwanaidi wa mama, Gervas wa baba."
"Sasa yeye ni yupi?"
"Tuchukue mtu anayeeleweka."

Anayeeleweka aliripoti Alhamisi.
Kijana mpole, mpwa wa mtu, salamu zake ndefu.
Laki nne ingali pale pale, ukurasa wa pili.

Nami nicheke nani?
Miaka tisa iliyopita nilikaa kiti kile kile,
fomu mapajani, kalamu ya kuazima.
Nyuma ya meneja palining'inia kalenda, ina picha.
Nikaitazama picha.
Nikajaza cha nne.

Mama yangu, Mbagala, hajui ninaitwaje kazini.
Akipiga simu mchana natoka kwenye ngazi.

Wiki hii wino wa mashine unakata.
Unaanza kufifia upande wa kushoto, pale kwenye cha nne:
mistari miwili imebaki, kisha mmoja,
kisha weupe ambao mtu anaweza kuupita bila kujikwaa.
Meneja ameuliza kama nimeagiza mwingine.
Nimemwambia dukani wamefunga.