Kofia ya Gadi

Mjomba Anyitike hakuwahi kufanya kazi reli.
Naanza na hilo, maana wengi mliomjua
Sokomatola, Iyunga, hadi kule Makambako,
mlimwita Gadi, na shikamoo mkampa ya Gadi.
Alikuwa karani wa mizani, kinu cha kahawa, Mbozi.
Alipima magunia. Aliandika namba.
Alikohoa vumbi la maganda.

Jumamosi alivaa.
Kwanza koti la bluu, vifungo sita vya shaba
(vinne nilivishona mimi, viwili havikufanana),
kisha leso nyekundu shingoni,
kisha kofia aliyoichimbua mtumbani Mwanjelwa
chini ya rundo la sidiria na soksi za watoto.
Mwisho filimbi, ambayo kusema kweli ilikuwa ya refa.
Sauti yake ya nyumbani ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi.
Sauti ya kofia ilitoka mbali,
ilikuwa haijanawa uso.

Gitaa alifundishwa na santuri moja iliyokwaruzika:
Wazungu fulani wa mashambani, wa zamani,
waliimba wakipasua koo
kama mchungaji anayeita ng'ombe ng'ambo ya korongo.
Sauti inapanda, inavunjika,
inaangukia upande wa pili ikiwa nzima.
"Unasikia?" aliniuliza. "Hapo ni handaki.
Anaingia. Giza. Anatoka."
Maneno hakuyaelewa. Treni aliielewa.

Basi akaimba mataruma.
Akaimba behewa la tatu na mchumba asiyeshuka,
akaimba mama anayengoja Mlimba na kikapu,
akaimba breki iliyogoma mteremkoni
na gadi aliyeruka wa mwisho, taa mkononi.
Watu walilia juu ya bia zao.
"Ulikuwa wewe?" wakamuuliza.
Alishusha kofia usoni. Hakusema ndiyo.
Hakusema siyo.

Juni moja, baridi ile inayobabua viazi shambani,
akaingia mtu mwenye vidole vitatu mkono wa kushoto.
Alisikiliza mpaka mwisho, amesimama.
Akaomba kofia.
Akaupindua ukanda wa ndani, na pale,
kwa uzi wa blanketi: F.N.
"Festo Nyagawa," akasema. "Niliiuza
mwaka ule mshahara ulipokatika miezi saba.
Nusu debe la unga."
Ukumbi ulinyamaza hadi jokofu likasikika.
Nikamwona mjomba akirudi kuwa karani,
kifungo kimoja kimoja.

Nyagawa hakumpiga.
"Honi yako ya uongo," akasema.
"Ukipandisha kutoka Mlimba unaanza ndefu,
fupi, halafu ndefu tena, kwa sababu ya kona.
Ukipiga fupi mbili unamuua mlinda njia.
Na gadi haruki.
Aliyeruka tulimjua. Hakuwa gadi."
Akamrudishia kofia, akaenda msalani,
hatukumwona tena. Bia yake ilibaki nusu.

Tangu hapo gadi wa wimbo haruki.
Anakaza gurudumu la breki, beti nne nzima,
anakaza, na hatujui kama treni ilisimama.
Wimbo ukawa mgumu kuuchezea.
Wateja wakapungua. Mwenye baa akaleta spika.
Mjomba aliendelea kuvaa, Jumamosi,
kwa watu sita, kwa watu wanne,
na honi aliipiga ilivyo.

Tulipomzika, wajomba waligombana:
azikwe na kofia au bila?
Nikaichukua wakati wanagombana.

Leo niko stesheni, nje ya mji.
Treni ya Ijumaa inakuja, ni Jumapili.
Ukungu umeukalia Loleza, mchuuzi wa mahindi amelala.
Kule konani: ndefu. Fupi. Ndefu.
Nimeivaa. Inanishuka masikioni.
Kabla ya kuivaa niliupindua ukanda,
na chini ya F.N.,
kwa penseli ya mizani, mwandiko wa karani, safi,
kuna neno: *Imeazimwa.*
Tarehe ya kurudisha hakuweka.