Kipepeo

Mwaka ule sindano ilinikimbia.
Kofia ya bwana harusi wa Kuze,
vitobo mia tatu, nami cha arubaini tu
uzi ukaanza kuyumba kama mlevi.
Julai, watu wamejitanda shali,
mimi natota jasho, najipepea,
moyo watwanga na nimekaa kitako.

Mavyaa alisema: jini.
Wifi alisema: wivu.
Masudi hakusema. Alihesabu sahani nilizovunja.

Makadara wakanitoa damu, kichupa kimoja.
Daktari, binti mwembamba, akanigusa koo:
"Hapa pana tezi, ina umbo la kipepeo."
Nikakitazama changu cha ukili mkononi,
nikacheka mpaka nikalia.

Tezi, akasema, haina mfereji.
Neno lake hulitia damuni,
homoni chache, hazifiki punje ya iliki,
na moyo wasikia, ini lasikia, ngozi yasikia.
Juu, chini ya ubongo, kuna nyingine kama choroko,
kazi yake kuiambia: ongeza; basi, yatosha.
Yangu iliambiwa basi. Haikusikia.

Sasa nameza kidonge kabla ya chai.
Mikono imetulia.
Lakini zile sahani, Masudi,
na lile neno nililomwambia mamako siku ya Idi,
nani alilisema? Mimi, au kipepeo?
Sijui.
Nimeomba radhi kwa niaba ya sote wawili.

Kofia ile sikuifumua.
Upande mmoja vitobo vimelewa,
upande wa pili vimenyooka.
Bwana harusi nilimshonea nyingine.