Mizani

Saa tisa usiku Rosalba hukamua maziwa,
mimi nakwenda kuwasha tanuri.
Mvua ya Valdivia haijui kuchoka.

Alizaliwa na kilo moja na robo.
Siku ya tano, robo yote karibu imekwenda.
"Kawaida," asema muuguzi.
Kawaida gani, ya kumnyang'anya asiye na kitu?

Dukani mteja ataka mkate, kilo na robo.
Naupima. Mkono wagoma kuuachia.

Amparo husahau kupumua.
Kengele hulia, muuguzi humgusa unyayo
kwa kidole kimoja,
naye hukumbuka.
Sisi tuliosimama nje ya kioo
hukumbuka baadaye.

Siku ya kumi na tisa wakanivua shati,
wakamlaza kifuani pangu pamoja na mirija yake.
Usimpapase, wakaniambia, tulia tu.
Mikono hii, iliyozoea kukanda!
Nilikuwa nimesugua kucha mara tatu,
bado nanuka hamira.
Akageuza pua kuifuata.

Leo siku ya thelathini: ameongeza gramu arobaini.
Rosalba ameziandika ukutani kwa wanja.

Nami, tangu asubuhi,
nauza mikate bila kupima.