Kiraka cha Bati

Maji yamekupwa. Nina saa sita kabla hayajarudi kunidai.
Mashua imelala ubavu juu ya changarawe za Apiao,
mvua ya Julai inaikogesha, nami imenilowesha hadi mifupani.
Fundi wa Achao anataka elfu sabini kuja kutazama.
Kutazama tu, si kutengeneza.
Nikamjibu kwenye simu: macho ninayo, tena mawili.

Injini nilianza nayo usiku, mezani, kando ya jiko la kuni.
Plagi nyeusi kama sufuria ya msibani; nikaisugua kwa msasa.
Kabureta nikaifungua juu ya gazeti,
skrubu nikazipanga kwa zamu zilivyotoka.
Paka akaruka. Zilikuwa kumi na moja, zikabaki tisa.
Ya kumi niliipata asubuhi kwenye unga.
Ya kumi na moja Mungu anajua; mahali pake
nimetia msumari, nikaukata kwa tupa.

Kamba ya kuwashia imekuwa uzi. Nimefunga ile ya buluu
ya vizimba vya samoni, inayookotwa bure kila baada ya dhoruba.
Nusu ya kisiwa hiki imefungwa kwa kamba ile:
malango, mbwa, suruali ya mwalimu.

Leo zamu ya mbao.
Nayareth, mjukuu wangu, anashika tochi na kunung'unika.
Nachokonoa kalafati kuukuu kwa bisibisi,
nasindilia mpya, gome la alerse lililochambuliwa likawa nywele,
nyundo, patasi butu, nyundo.
Gonga, usikie: ubao mzima hujibu kama mlango,
uliooza hujibu kama mkate.
Wa nne kutoka mkukuni, karibu na tezi,
umenijibu kama kopo.

Kopo?
Hapo ndipo Eleodoro alipotia shaba,
mwaka ule mwamba ulipotutoboa.
Shaba ya meli, alisema. Nikampa pesa za viazi,
magunia kumi na manne,
akarudi kutoka Castro siku ya tatu, ananukia sabuni ngeni.
Miaka kumi na tisa nimewaambia watu:
marehemu hakuwa na maneno, lakini kazi yake, shaba.

Nakwangua rangi. Kijani, chini yake kijani nyingine,
chini yake lami,
chini ya lami ng'ombe ananitazama, anatabasamu.
Maziwa ya unga. Kilo moja na nusu.
Nayareth anasoma kwa sauti: "Koroga vizuri kabla ya kunywa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu sikucheka.
Magunia kumi na manne, Eleodoro!
Nani alikula viazi vyangu?
Maiti haulizwi, najua. Nimeuliza, tena na nyundo mkononi.

Kisha nikapitisha kidole ukingoni mwa bati:
misumari midogo arobaini na miwili,
imekaribiana kama mishono ya shati la harusi,
na nyuma yake, kwa ndani, ubao mkavu.
Mkavu kama jivu. Miaka kumi na tisa, hata tone.

"Bibi, tuling'oe?"
Maji yalishafika kwenye kasia.
Nikachovya brashi kwenye lami,
nikamfunika ng'ombe polepole, pembe kwanza,
pua ikawa ya mwisho.

Injini imewaka kwa mvuto wa saba.
Inakohoa. Kuna kitu kinacheza ndani yake, kinagonga, kinanyamaza, kinagonga:
ya kumi na moja, nadhani.