Chanda na Pete

Sanaiya ya Ibra, saa sita; bati linachemka.
Muhenna kaleta pete, bado zina grisi ya boksi:
"Stendadi, nusu bei. Funga."

Nikatia moja ndani ya silinda,
nikaisukuma kwa pistoni ikae sawa,
nikapitisha fila: ikazama, ikacheza.
Mwanya mdomoni ni uzuri.
Humu ni moshi.

Miaka tisa lori hili limebeba mawe;
silinda haivai tena saizi ya uarusi wake.
Tukaichonga. Nikaagiza hamsini.

Zikaja. Ncha zinagusana. Nikashika tupa.

"Mpya, na unazisaga?"

Bwana, ile ya chanda na pete iache harusini.
Chuma kikipata moto huvimba;
ukikinyima nafasi
kitavunja nyumba.

Akaguna. Akaenda kutuletea karaki.